Vijana wa Khartoum na Sufuria za Mtaa

Wako watu wengi katika miji yetu ambao wakisikia neno vijana na neno vita yametajwa pamoja, hawafikiri ila bunduki, na uporaji, na watoto walioacha chuo wakafuata makundi. Fikira hiyo haikutoka hewani, kwani mambo hayo yameonekana na yangali yaonekana. Lakini si khabari yote. Katika somo hili twataka kumwonyesha msomaji upande wa pili, nasi tumechagua nchi ya Sudan, kwa sababu huko, tangu mwaka wa 2023, vijana wasiokuwa na silaha wala cheo wala mshahara wamefanya kazi ambayo serikali iliiacha na mashirika makubwa ya ulimwengu yalishindwa kuifikia. Twaomba somo hili lisomwe kwa utulivu, na kisha lizungumzwe barazani.

Vita vyenyewe vilianza asubuhi ya Jumamosi, tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Waliopigana ni jeshi la serikali, chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, na kikosi kiitwacho kwa Kiarabu Quwwat al-Daam al-Sarii, yaani Majeshi ya Msaada wa Haraka, chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, ajulikanaye zaidi kwa jina la Hemedti. Wakubwa hawa wawili ndio waliokuwa pamoja tarehe 25 Oktoba 2021 walipoipindua serikali iliyokuwa na raia ndani yake. Kisha wakageukiana wenyewe. Msomaji na alikumbuke jina hilo la Msaada wa Haraka, kwa maana muda si muda ataona ni nani khasa waliostahiki kuitwa hivyo.

Siku ya kwanza tu, mtambo wa maji wa Bahri, ng'ambo ya Nile ya Buluu, ulisimama, na mitaa mingi ikabaki bila ya maji ya bomba katika joto la Aprili na watu wamefunga. Mahospitali yakafungwa moja baada ya moja. Wageni wa mabalozi na wa mashirika ya misaada wakaondolewa kwa ndege na kwa misafara, na afisi zao zikahamia Port Sudan, safari ndefu kutoka mji mkuu. Wakabaki wenyeji. Katika wenyeji, mwenye uwezo alihama. Na asiyekuwa na uwezo, mzee, mgonjwa, mjane, mwenye watoto wengi, akabaki nyumbani akisikiliza mizinga. Hapo ndipo lilipotokea jambo tunalotaka kulisoma.

Lakini jambo hilo halikuzuka siku ile, na hili ni muhimu kwa anayetaka kujifunza. Mjuzi wa Kiarabu ajua kwamba neno nafiri asili yake ni mwito wa kuwatoa watu majumbani waende pamoja kwenye jambo zito. Wasudani wamelitwaa wakaliweka kwa kazi ya shirika: mtu akiwa na mavuno ya kutia ghalani, au nyumba ya kujenga, hupiga nafiri, jirani wakaja wakafanya kazi, naye akawapikia, malipo hapana. Wazee wetu wa pwani walikuwa nalo jambo hili, na jina lake ni msaragambo, nalo pia ni mwito wa kuwakusanya watu kwa kazi ya wote. Leo vijana wetu hulikuta neno hilo katika kamusi, na wengi hawalikuti hata humo.

Mwezi wa Agosti 2013 mafuriko makubwa yalipoipiga Khartoum, vijana wa mji, wengi wao wanafunzi, waliunda kundi wakaliita kwa jina hilohilo, Nafiri. Wakapokea simu za walioingiliwa na maji, wakaandika mahitaji ya kila mtaa, wakapeleka maturubali na chakula kwa magari ya kuazima. Kisha ukaja mwezi wa Disemba 2018, watu wakatoka barabarani kwa ajili ya bei ya mkate na mengi mengine yaliyokuwa nyuma ya mkate, na kila mtaa ukawa na kamati yake ya vijana. Omar al-Bashir akaondolewa tarehe 11 Aprili 2019 baada ya miaka 30 ya utawala. Tarehe 3 Juni mwaka huohuo, Ramadhani ikiwa ukingoni, waliokuwa wamekaa mbele ya makao ya jeshi walishambuliwa kwa risasi na wengi wakauawa. Kamati hazikufa. Maradhi ya korona yalipoingia mwaka wa 2020, zikagawa sabuni na kupanga foleni za mkate.

Basi vita vilipoanza, vijana hawa hawakuwa na haja ya kuuliza nani akaa wapi. Walikwisha kujua. Walijua nyumba ya mwenye maradhi ya sukari, na nyumba ya bibi akaaye peke yake, na nani ana gari, na nani ana kisima, na fundi gani wa umeme hajahama. Elimu hii hainunuliwi, wala haiwezi kuletwa na mgeni katika wiki moja. Wakaunda walichokiita Ghuraf al-Tawari, yaani Vyumba vya Dharura. Mtu asidhani kwamba chumba hapa ni jengo lenye kibao mlangoni. Mara nyingi kilikuwa ni kundi la watu katika WhatsApp, na daftari, na pahali pa kukutania, msikitini au skulini au uani mwa mtu. Kila mtaa ulikuwa na chumba chake; mitaa ikakusanyika katika wilaya; na mkoa wa Khartoum una wilaya 7, zikiwamo Omdurman, Bahri, Karari na Jebel Aulia. Ndani ya chumba wako waliowekwa kwa chakula, na waliowekwa kwa dawa, na wa kuwahamisha watu, na wa fedha. Kutoka Khartoum mpango huu ukaenea hata Darfur, Kordofan na Jazira.

Kazi iliyojulikana zaidi ni jiko. Wao huliita takiya, na wingi wake takaya. Neno hili ni la zamani: ni pahala penye jiko katika zawiya za mashekhe wa tarika, ambapo msafiri na maskini na mwanafunzi wa Kurani hula bila ya kuulizwa atokako. Sisi wa jamaa hii twajulikana kwa yale tuyasemayo juu ya baadhi ya mambo yafanywayo kwa jina la tarika, wala hatuyarudii hapa. Lakini insafu ni wajibu, na insafu ni kusema kwamba jiko hili lilikuwa tayari katika desturi ya nchi, na siku ya njaa likawaokoa wenye tarika na wasiokuwa na tarika. Masufuria makubwa, kama yale ya pilau ya harusi zetu, huwekwa juu ya kuni, kwa kuwa gesi haipatikani. Hupikwa fuli, dengu, wali, au ugali wa mtama. Watoto huja na vibakuli na ndoo ndogo, kila nyumba ikachukua kwa hisabu ya vichwa vyake. Kuna mitaa ambayo sahani hiyo moja ndiyo iliyokuwa chakula cha kutwa nzima.

Ama kazi zisizoonekana sana, nazo ni nyingi. Waliwatoa watu katika mitaa iliyokuwa ikipigwa, wakichagua saa na njia kwa kuulizana kwa simu. Walifungua zahanati kwa madaktari na wauguzi waliokataa kuhama. Katika hospitali ya Al-Nao huko Omdurman, iliyopigwa makombora zaidi ya mara moja, watu wa kujitolea walibeba majeruhi, wakasafisha, wakatafuta dawa mjini. Walitengeneza nyaya za umeme na mabomba. Waliwasomesha watoto katika skuli zilizogeuzwa makao ya wakimbizi. Walizika maiti ambao jamaa zao hawakuweza kuwafikia. Wanawake nao waliunda vyumba vyao, maana yako mambo ambayo mwanamke aliyedhulumiwa na askari hatamwambia kijana wa kiume, wala haki yake si kumwambia.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa kuwa hapa ndipo vyama vyetu vingi huangukia. Mabenki yalifungwa na noti zikawa adimu. Kilichobaki ni Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum. Msudani aliye Jidda au Doha au London hutuma kwa jamaa yake, chumba hupokea, mfanyabiashara wa mtaa hukubali fedha hizo za simu akatoa gunia la dengu. Aliyetaka noti mkononi alikatwa sehemu, na wako waliojitajirisha kwa kukata huko. Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwahisabu. Mwezi wa Februari 2024 mitandao ya simu ilizimika karibu nchi nzima. Msomaji atadhani khasara yake ilikuwa ni watu kukosa kuzungumza. La, khasara yake ilikuwa ni sufuria: fedha hazikufika, na majiko mengi yakafungwa. Baadaye vikaingia vyombo vya Starlink vinavyoshika mtandao kutoka angani, watu wakapanga foleni kulipa kwa saa ili wapate kupokea fedha ya chakula.

Na katika hali hiyo hisabu iliandikwa. Chumba huandika mahitaji ya mtaa wake, hupeleka kwa chumba cha wilaya, hupewa kiasi kidogo, hununua, huleta stakabadhi, kisha ndipo kipewe tena. Hatusemi kwamba hakuna aliyekula. Wanaadamu ni wanaadamu. Twasema kwamba daftari liliwekwa wazi mbele ya jirani, na jirani ndiye mkaguzi mkali kupita wote, kwa sababu aiona sufuria kwa macho yake na ajua imepungua au haikupungua. Na tuwaulize wenzetu: ni vyama vingapi katika mji huu, vya maziko, vya madrasa, vya visima, ambavyo mwanachama wa kawaida amepata kuliona daftari lake? Sisi hatuna bomu linaloanguka juu ya afisi. Udhuru wetu ni upi?

Atauliza mtu: Je, vijana hawa si wanasiasa? Swali hili ni la haki. Wengi wao walitoka katika kamati zilizompinga Bashir, na kila mmoja ana rai yake. Lakini ndani ya jiko waliweka sharti: anayekuja na kibakuli haulizwi kabila yake wala upande aupendao. Walipika katika mitaa iliyokuwa chini ya jeshi na katika mitaa iliyokuwa chini ya RSF. Ndiyo maana pande zote mbili ziliwashuku. Askari wa huku walisema, hawa wawalisha maadui. Na askari wa kule wakasema neno lilelile. Walikamatwa, simu zao zikapekuliwa katika vizuizi vya barabarani, wengine wakateswa, na wengine wakauawa. Hata baada ya jeshi kuitwaa tena Ikulu tarehe 21 Machi 2025, wako waliotuhumiwa kuwa walishirikiana na adui, na ushirika wenyewe ni kuwa walibaki mtaani wakapika.

Jambo hili la kumlisha asiyekuwa wako si dogo, na sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda Sudan ili tulijue uzito wake. Mwezi wa Agosti 1997, Likoni ilipoingiwa na fujo na watu wa bara wakafukuzwa majumbani mwao, maelfu yao walikimbilia uani mwa kanisa la Katoliki la hapo Likoni. Mwezi wa Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni. Hatulihukumu kundi lolote katika ukurasa huu. Twauliza swali moja tu, na kila mtaa ujijibu wenyewe: siku zile, vijana wetu wangapi waliobeba maji kuwapelekea jirani zao waliofukuzwa? Ikiwa walikuwako, majina yao yaandikwe, kwa maana hao ndio wa kutufunza. Na ikiwa hawakuwako, kosa si lao peke yao, bali ni letu tuliowazoesha kwamba kijana hutakiwa wakati wa kubeba viti vya maulidi na wakati wa kupiga kura, na baina ya hayo mawili hana kazi isipokuwa kukaa kwenye kona na kutafuna miraa.

Khabari za vijana hawa ziliufikia ulimwengu. Mwaka wa 2025 Vyumba vya Dharura vilipewa tuzo ya Rafto ya Norway, na tuzo ya Right Livelihood ya Sweden. Twafurahi nao. Lakini tazama ulimwengu ulivyo: mwanzoni mwa mwaka huohuo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kwa muda mfupi majiko zaidi ya 1,000 katika Sudan yalifungwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha zao ilikuwa ikitoka huko kwa kupitia mashirika. Waliopewa nishani walikuwa wamenyang'anywa dengu. Na hapa pana mafunzo machungu kwa wenyewe pia, na baadhi yao wameyasema: jiko lililoanza kwa fungu la jirani likazoea fungu la mgeni, na mgeni alipofunga mkono, jirani alikuwa amekwisha kufilisika.

Nchi yetu ya Kenya nayo haiko mbali na khabari hii. Mwezi wa Februari 2025 RSF na wenzao walikutana Nairobi wakatia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali ya Sudan ilikasirika, na mwezi wa Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, ya mbele kabisa ikiwa ni chai. Mfanyakazi wa maghala ya chai ya Shimanzi, aliyekuwa hajui hata Hemedti ni nani, alijua siku ile kwamba vita vya watu vina mkono mrefu.

Wala tusiwapambe vijana hawa kwa sifa wasizodai. Sufuria haisimamishi vita. Mji wa El Fasher katika Darfur ulizingirwa tangu mwezi wa Mei 2024. Majiko ya hapo yalipika mpaka nafaka ikaisha. Kisha watu wakala mashudu ya karanga, ambayo ni chakula cha wanyama, nayo majiko yakayapika hayo kwa kuwa hapakuwa na jingine. Tarehe 26 Oktoba 2025 mji ukaangukia mikononi mwa RSF, na yaliyofuata ni mauaji ambayo kalamu yatetemeka kuyaandika. Katika kambi ya Zamzam, karibu na hapo, njaa kuu ilikuwa imekwisha kutangazwa tangu Agosti 2024. Mwaka wa 2025 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya milioni 12 waliohama makwao kwa vita hivi. Haya hayaondolewi na watu wa kujitolea. Huondolewa na wenye majeshi kuweka silaha chini, na wenye kuwauzia silaha kuacha kuwauzia. Anayewasifu vijana ili apate kunyamaza juu ya wakubwa, huyo hakuwasifu, amewatumia.

Limebaki suala ambalo huulizwa sana kila Ramadhani, nalo ni la zaka. Je, yafaa mtu wa Mombasa au Malindi au Lamu kupeleka zaka yake Sudan? Wanaostahiki zaka wametajwa katika Suratul Tawba, nao ni makundi 8, na fakiri na maskini ndio wa mwanzo. Na mwenye kusimama mbele ya takiya na kibakuli hana haja ya kuthibitishiwa ufakiri wake. Ama kuihamisha zaka kutoka mjini ilimopatikana, kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Imam Shafii ni kuwa haifai maadamu wamo mjini wanaostahiki. Maulamaa wengine wamejuzisha inapokuwa haja ya kule ni kubwa zaidi, na haja ya kule hatudhani yupo awezaye kuitilia shaka. Mwenye kutaka kushikamana na kauli ya madhehebu na awape zaka mafakiri wa mtaa wake, nao wapo, asiseme hawaoni. Kisha atoe sadaka yake kwa ajili ya Sudan, maana katika sadaka hakuna khilafu hiyo. Na njia asiitafute mbali: katika Kenya wako Wasudani waliokimbia vita hivi, na wengi wao wana ndugu au rafiki aliye katika chumba cha mtaa fulani. Aende kwao, aulize jina la mtaa, aulize ni nani anayeshika daftari, atake kuletewa stakabadhi, kisha atume.